Meseji Tatu za Kifo Kimoja

Naandika haya kwa sababu yakikaa kichwani yananizidi. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo msomaji anisamehe pale nitakaporuka jambo au kulirudia. Nitajitahidi nisimwonee mtu, wala mashine, maana siku ile kila mmoja wetu alikuwa anafanya jambo jema, na hilo ndilo linaloniacha mdomo wazi mpaka leo.

Mimi ni katibu wa chama chetu cha kuzikana hapa Mabwerebwere, Kilosa. Ukatibu sikuutafuta. Nina kibanda cha kuchaji simu na kutoa kopi, na ndani yake kuna kompyuta, basi wakasema mwenye kompyuta ndiye katibu. Wanachama wengine wako mjini Kilosa, wengine walihamia Mikumi kufuata biashara ya barabara kuu, wengine wako Ruaha kwenye miwa. Mtu akifa wote wanatakiwa wajue upesi, kwa sababu wengi wetu ni Waislamu na hatupendi kulaza maiti. Zamani nilikuwa napiga simu mmoja mmoja. Kabla sijafika nusu ya watu, vocha imekwisha na sauti imekwisha.

Aliyenitoa kwenye shida hiyo ni binamu yangu anayetengeneza kompyuta Morogoro. Aliniandikia skripti, yaani amri zilizopangwa mstari kwa mstari ndani ya faili, kompyuta inazifuata moja baada ya nyingine kama mgonjwa anavyofuata maelekezo ya dawa. Unaunganisha simu kwa waya, unaandika jina la marehemu kwenye faili lingine dogo, unabonyeza, na simu inaanza kumtumia meseji kila mwanachama. Katikati ya ile skripti kuna mahali amri moja inatumwa ikasome nani amefariki, na jibu lake linadakwa na kutiwa ndani ya ujumbe. Binamu alinionyesha hapo kwa kidole: alama ya dola, mabano, na amri imekaa ndani ya mabano.

"Hapa tunaidaka amri inachosema," aliniambia. "Kama siku hiyo wamekufa wawili, itazunguka mara mbili. Kila marehemu na meseji yake."

Niliitikia kwa kichwa. Kuitikia na kuelewa ni mambo mawili, na sina hakika siku ile nilifanya lipi.

Ilifanya kazi vizuri sana. Tulikuwa tunaandika jina moja tu, lile ambalo mtu anajulikana nalo mtaani. Tatizo lilikuja alipofariki mtu mwenye jina ambalo huku kwetu liko kila nyumba. Watu wa Ruaha wakakodi gari, wakaenda kulia kwenye nyumba ambayo haikuwa na msiba, mwenye nyumba akawatokea na mswaki mdomoni. Kamati ikakaa. Mwenyekiti akasema, "Kuanzia leo ni jina kamili. Lake, la baba yake na la babu yake. Tusichanganye watu tena." Wote tukaitikia. Hata sasa nikilipima lile azimio sioni ubaya wake. Lilikuwa la busara.

Wa kwanza kufariki baada ya hapo alikuwa fundi pikipiki wa mtaani kwetu, mtu mzima mwenye mke na watoto. Aliugua siku chache na akafariki alfajiri. Mama yake alikuwa ameshatangulia. Baba yake yuko hai, mzee aliyefanya kazi reli enzi zake, sasa anaishi Mikumi peke yake, naye ni mwanachama wetu wa siku nyingi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wenyeji wanalijua. Kwetu baba haambiwi kwenye simu kwamba mwanawe amekufa. Anafuatwa. Wanaomfuata wanamwambia mgonjwa amezidiwa, anapanda gari, na neno lenyewe anaambiwa akiwa ameketi, na watu wa kumshika wako karibu. Mwenyewe njiani anajua, kwa sababu na yeye ameshawafuata wenzake hivyo hivyo. Lakini anapewa njia nzima ya kujikusanya. Kazi tuliyopewa asubuhi ile, mimi na mjomba wa marehemu, ndugu wa mama yake, ilikuwa hiyo tu: tumfikie mzee kabla habari haijamfikia, na tumlete Kilosa awahi kumzika mwanawe saa kumi alasiri.

Nikachukua tahadhari. Namba ya mzee niliitoa kwenye orodha ya kutumiwa. Wanachama wengine wa Mikumi niliwaacha, kwa kuwa wanajua wajibu wao, wakipata habari kama hiyo wananyamaza mpaka wenye kazi wafike. Nikaandika majina matatu ya marehemu, nikayakagua herufi kwa herufi, nikabonyeza. Simu ikaanza kutuma. Kwa kuwa ndiyo simu yangu pekee, nikaiacha pale kwenye waya, mke wangu akabaki kibandani.

Mjomba alikuwa amefika kutoka Munisagara na koti lake jeusi. Akaizima simu yake mbele yangu. "Ikilia nitalazimika kudanganya watu wengi," alisema. "Leo nataka kudanganya mmoja tu."

Kwa hiyo ndani ya pikapu simu iliyokuwa inawaka ni ya dereva tu, na dereva hakuwa mwanachama wa kutumiwa meseji.

Njia nzima mjomba alikuwa anajifunza maneno yake.

"Nikisema amezidiwa, akauliza amezidiwa na nini?"

"Sema daktari ndiye anajua," nikamwambia.

"Akisema nipe simu niongee na daktari?"

Dereva akadakia, "Mjomba, na hilo jasho ulifute. Ukienda hivyo atadhani wewe ndiye mgonjwa."

Mjomba alicheka kidogo, akafuta paji la uso kwa mkono wa koti. Tulipopita kijiji cha Ulaya alikuwa anaangalia mashamba ya watu ya mahindi kama anayatafutia kasoro.

Nyumba ya mzee iko ndani kidogo kutoka barabara kuu. Kabla hatujaiona tulisikia. Sauti ya wanawake wanaolia msiba huwezi kuifananisha na kitu kingine. Mjomba akanishika goti.

"Nani kasema?"

Tuliingia uani. Majamvi yametandikwa. Wanawake wamekaa ukutani, vitenge vichwani. Wanaume kwenye mabenchi. Kuni zimeshushwa na sufuria kubwa imeinamishwa pembeni. Na katikati ya jamvi la wanaume, mahali anapokaa mfiwa, amekaa mzee mwenyewe, mgongo umenyooka, kofia yake kichwani, mikono juu ya magoti. Halii. Anatutazama tunavyokuja.

Kabla hatujamfikia, mama mmoja jirani yake alituwahi, akatuvuta pembeni ya choo. Macho yalikuwa mekundu. Mdomo wake ulikuwa unacheza, sikujua ni kilio au nini.

"Ninyi ndio wa Kilosa? Mmetufanyia nini?"

"Tumefanya nini, mama?"

"Tumekuja kumlilia huyu." Akaonyesha kwa kidevu jamvini. "Huyu huyu. Meseji ya chama imeingia, tumefiwa na yeye, mazishi leo Kilosa. Nikasema, kumbe kasafiri jana akafia huko? Nikapiga simu yake haipatikani. Nimetoka kwangu nalia, barabara yote nalia, wenzangu wananifuata. Nafika namkuta kwenye kigoda anamenya muhogo."

Mjomba akamwangalia kama mtu anayeambiwa kwa lugha ngeni.

"Simu kaipeleka kuchaji," mama yule akaendelea. "Akaniuliza, 'Nani kafa?' Nitamjibu nini? Nikamwambia, 'Wewe.' Akacheka huyo, akacheka mpaka kisu kikamdondoka. Akasema, 'Basi leteni kuni, nami leo nile ubwabwa wa msiba wangu.' Na sisi tukacheka. Watu wanazidi kuja, kila anayekuja na kilio anamkaribisha mwenyewe, 'Karibu, marehemu niko hapa.' Tumekaa tunacheka hapa, baba, tunamshukuru Mungu."

"Halafu?"

"Halafu akasema, 'Hebu nisome kifo changu.' Nikampa simu."

Akaitoa kwenye kifundo cha kitenge, akanipa na mimi.

Meseji za chama zilikuwa tatu. Ile mpya kabisa ilikuwa juu: tumefiwa na fulani, na hapo lilikuwa jina la babu wa marehemu, peke yake. Chini yake: tumefiwa na fulani, jina la mzee. Chini yake tena: tumefiwa na fulani, jina la kwanza la fundi wetu, jina ambalo watu wengi wanalo. Mazishi leo saa kumi alasiri, Kilosa. Mazishi leo saa kumi alasiri, Kilosa. Mazishi leo saa kumi alasiri, Kilosa.

Niliandika mtu mmoja. Walikuwa wametoka watatu.

Mama yule alikuwa ananisimulia bado, lakini kwa sauti ya chini. "Akasoma la juu kwa sauti, akasema, 'Huyu ni baba yangu, amekufa mimi nikiwa kijana.' Akasoma la pili, akasema, 'Huyu mimi.' Tukacheka tena. Akashuka la tatu. Hilo hakulisoma kwa sauti. Akairudisha simu, akaingia ndani, akatoka amevaa kofia, akakaa pale alipokaa. Hajasema neno. Na sisi tukajua."

Nimejiuliza mara nyingi kama kuna binadamu mwingine aliyejulishwa msiba wa mwanawe hivyo: kwa kushuka ngazi, baba, yeye, mtoto. Sijui. Sitaki kujua.

Mjomba alikuwa ameshakwenda. Nadhani hakutaka kuiona ile simu. Alipiga magoti pembeni ya jamvi, akampa mzee mkono, na kwa masikio yangu nikamsikia anaanza yale aliyojifunza njiani. Simlaumu. Mtu akiwa na maneno mdomoni tangu asubuhi, ni vigumu kuyameza.

"Shemeji, habari za hapa."

"Nzuri, shemeji."

"Tumekuja kukuchukua. Mgonjwa amezidiwa kidogo."

Wanawake ukutani wakakata kilio.

"Amezidiwa," mzee akasema.

"Amezidiwa, ndiyo."

"Asubuhi alikula kitu?"

"Alikunywa uji. Kidogo."

"Alikunywa uji."

"Kidogo, shemeji."

Mimi ndiye niliyekuwa kando ya kitanda cha marehemu tulipomfunga kidevu. Nilimwamkia mzee kwa kuwa sikujua la kufanya na mdomo wangu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alinitazama. "Wewe ndiye mwenye ile mashine."

"Ndiyo, mzee."

"Kaeni wote."

Tukakaa. Jua lilikuwa limepanda, na dereva alikuwa amesimama mlangoni mwa pikapu akiangalia saa yake. Kilosa walikuwa wanamkosha marehemu. Saa kumi haikuwa mbali kwa njia ile.

"Mimi nimesoma," mzee alisema, polepole, kwa mjomba. "Lakini kusoma siyo kuambiwa. Niliposoma mimi nimekufa, nilikuwa namenya muhogo. Sasa maandishi hayo hayo niyaamini kwa mwanangu? Mimi sipandi gari kwa meseji. Nitapanda nikiambiwa."

"Shemeji, twende, tutaongea mbele ya safari."

"Niambie."

"Twende, shemeji, muda..."

"Baba yangu nilimfuata mimi mwenyewe kumwambia kaka yangu amekufa. Nilimdanganya njia nzima, lakini tulipofika nilimwambia, kwa mdomo wangu. Na wewe niambie."

Mjomba akafungua mdomo. Kilichotoka ni tena lile neno, "Amezidiwa," halafu likakatika, akajifunika uso na koti lake jeusi, mabega yakaanza kucheza. Jirani mmoja mtu mzima akasogea kutaka kusaidia, mzee akamzuia kwa kiganja. Akanigeukia mimi.

"Niambie wewe. Mtaje jina lake lote."

Mimi si ndugu yao. Ni mdogo kwa umri, na katika mambo ya msiba kwetu mtu kama mimi anabeba maji na kuchimba, hasemi. Sijui hata sasa kama nilikuwa na haki. Nilichokuwa nakiona ni jua tu na kile kiganja cha mzee, kimebaki wazi hewani.

Nikataja jina la mwanawe, nikataja la kwake aliyekaa mbele yangu, nikataja la baba yake, bila kuvuta pumzi katikati, nikiogopa nikipumua nitawafanya tena kuwa watatu. Nikasema, "Mzee, amefariki. Alfajiri. Nilikuwepo."

"Aliumia?"

"Mwishoni hapana. Alikuwa amelala."

Akainamisha kichwa. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Watu wakaitikia, na wanawake ukutani wakaanza upya, safari hii kwa sauti nyingine kabisa. Mzee akasimama mwenyewe, akaomba maji ya kutawadha.

Wakati anatawadha niliomba simu ya yule mama, nikampigia mke wangu azime kila kitu.

"Imeshamaliza," alisema. "Nilishangaa inazunguka mara tatu. Nikadhani ndivyo mlivyopanga."

Hakukosea. Hakuna aliyemwambia ingezunguka mara ngapi. Nikampigia binamu Morogoro, nikamweleza. Akaniuliza swali ambalo wataalamu wote huuliza kwanza: mmebadilisha nini?

"Hatukubadilisha kitu. Tuliandika jina kamili."

"Kamili vipi?"

"Lake, la baba na la babu."

Akasema, taratibu, "Pale kwenye dola na mabano, panapodakwa jina, hakuna alama za usemi."

"Alama gani?"

"Za usemi. Zile mbili mbili za juu, za kufungua na kufunga maneno ya mtu. Amri ilisema jina moja, lakini lina nafasi mbili ndani. Kompyuta ikidaka maneno bila zile alama kuyazunguka, kila nafasi inaiona ni mwisho wa kitu kimoja na mwanzo wa kingine. Kwake wamekufa watatu. Ikatuma watatu."

"Na ukiziweka?"

"Inalibeba jina kama furushi moja."

"Sasa mbona hukuziweka?"

"Mlikuwa mnaandika neno moja. Neno moja halina pa kukatikia. Sikufikiri. Ni mimi, binamu. Uwaambie ni mimi."

Sikuwaambia hivyo, kwa sababu sioni kuwa ni kweli yote. Aliiandika kwa kazi aliyopewa na ilikuwa sahihi kwa kazi hiyo. Sisi tuliibadilisha kazi bila kumwambia, tukidhani tunabadilisha maandishi. Na hata yeye aliposema alama zile, baadaye aligundua hazitoshi: wakifa wawili siku moja zingewafunga wote kwenye furushi moja wawe mtu mmoja. Ikabidi ifundishwe kusoma mstari mmoja mmoja, kila mstari marehemu mmoja, na alama ziwe mahali pake. Tulipokaa kuijaribu tulikwama kwenye jambo ambalo yeye wa Morogoro hakulitegemea. Tuandike jina la nani? Hakuna mwanakamati aliyekubali jina lake likae mbele ya neno tumefiwa, hata kwa majaribio. Mimi pia nilikataa. Tukaandika Embe Chungwa Papai. Meseji ikaingia moja: tumefiwa na Embe Chungwa Papai. Wenzangu walicheka. Mimi nilitoka nje.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile mzee alipanda mbele, pembeni ya dereva, na mimi na mjomba tukakaa nyuma kwenye bodi, vumbi letu wenyewe likitufuata. Tulipokaribia Ulaya mjomba alinigeukia.

"Ulimwambia kikavu," alisema.

"Aliniomba, mjomba."

"Najua aliomba. Nasema ulimwambia kikavu. Kama karani."

Nilitaka kumjibu kwamba yeye alikuwa na maneno laini na hayakutoka. Lakini huenda ana haki. Kuna namna ya kulisema jambo lile ambayo watu wazima wanaijua na mimi sikuijua, na palepale jamvini sikuwa na muda wa kujifunza.

Dereva alisimama mahali tairi lipoe. Mzee akateremka, akaja nyuma, akashika ubao wa bodi. Akatuambia jambo moja, akitutazama miguuni.

"Nilicheka sana asubuhi. Watu wote wamenisikia. Mwanangu amelazwa huko ameshafungwa kidevu, mimi nacheka."

"Hukujua, shemeji," mjomba akasema.

"Sikujua. Lakini nilicheka."

Akarudi mbele. Mpaka tunaingia Kilosa sikuweza kutoa kichwani sura ya kisu kinachodondoka kwenye maganda ya muhogo. Kama mashine ingekosea namna nyingine yoyote, ingetuma jina moja tu, au isingetuma kabisa, asingecheka. Hilo ndilo jambo ambalo hakuna mtu atakayeweza kulirekebisha kwa alama.

Tuliwahi. Walikuwa wametusubiri na jeneza uani, na tulipoingia, baadhi ya watu walirudi nyuma hatua. Walikuwa wamepata meseji tatu na hawakujua waamini ipi, wengine walishaanza kuulizana makaburi mengine mawili yako wapi. Wachimbaji walikuwa wamechimba moja, kwa sababu mwenyekiti aliwaambia, "Maiti ninayoiona kwa macho ni moja. Chimbeni ninayoiona." Mzee alisali, akaenda makaburini kwa miguu, akashuka mwenyewe na watu wawili kumpokea mwanawe. Kijana mmoja alitaka kumzuia kwa ajili ya umri. Mzee akamwambia, "Toka hapo," kwa sauti ya kawaida tu, na kijana akatoka.

Jioni tulikaa msibani Mabwerebwere. Mzee aliniita nikae karibu naye, sijui kwa nini mimi. Watu walikuja kumpa pole, na nikaanza kuona kitu. Wengine walikuwa wanamshika mkono na kuuminya kidogo zaidi ya kawaida, kama wanapima joto lake. Naye aliuacha mkono wake wauminye. Kwa kila mmoja alirudia maneno yale yale: jina la mwanawe, lote, halafu, "Amefariki alfajiri. Alikuwa amelala." Sikumsikia akiyachoka.

Jua likiwa linaelekea kuzama alitokea mtu kutoka Ruaha. Alikuwa amevaa buti za shamba la miwa, na begani ana mfuko wa unga na sukari, mchango wa msiba. Baadaye alitueleza kwamba simu yake ilikuwa imejaa meseji, ikaipokea ile ya pili peke yake. Alikuwa rafiki wa mzee tangu siku za reli. Amekuja kumzika rafiki yake na amechelewa. Aliingia uani akiwa ameinamisha kichwa kwa adabu ya msiba, akamwinulia macho mfiwa ampe pole, na mfiwa alikuwa ndiye marehemu wake.

Akasimama palepale. Mfuko ukateleza begani ukakaa chini. Hakukimbia na hakupiga kelele. Alifungua mdomo tu, na mimi nilijiona mwenyewe katika ile sura, nilivyokuwa asubuhi pembeni ya choo na simu ya mwanamke mkononi. Nikaanza kuinuka ili nikamweleze. Nilikuwa tayari na mashine, nafasi, alama, majina matatu.

Mzee akaniwekea mkono begani, akanirudisha chini. Akainuka yeye, akijisukuma kwa goti, akavuka jamvi bila viatu mpaka alipo yule mtu, akamshika viwiko vyote viwili.

"Si mimi," akamwambia. "Ni mwanangu. Njoo ukae."